Lugha ya Karata Itupwayo

Kimya kingi, walinena wahenga, kina mshindo mkuu. Pengine hapana mahali ambapo methali hii hudhihirika waziwazi kama kwenye meza ya briji. Watu wanne huketi pande nne za meza, kila mmoja na karata 13 mkononi, nao huweza kucheza kwa saa tatu nzima bila kuambizana neno lisilohusu mchezo wenyewe. Hata hivyo, ndani ya kimya hicho mna mazungumzo. Kisa kifuatacho kinahusu mazungumzo hayo, na kinamhusu kijana mmoja aliyejifunza kwa aibu kwamba kusema ni jambo moja na kunong'ona ni jambo jingine.

Kijana huyo alikuwa mwalimu wa shule ya upili mjini Mombasa. Alizaliwa na kulelewa Mji wa Kale, na karata alizijua kabla hajajua kusoma. Baada ya sala ya alasiri alizoea kukaa barazani, miguuni pa wakubwa zake, akiwatazama wakicheza wahedi na sitini. Mchezo huo una alama 120 kwa jumla. Katika kila moja ya aina nne za karata, ree ina alama 11, saba ina alama 10, mzungu wa nne ana 4, mzungu wa tatu ana 3 na mzungu wa pili ana 2. Apataye alama 61 ameshinda, na ndiyo asili ya jina la mchezo. Kwa hivyo kijana alijua tangu utotoni kwamba mzungu wa nne ndiye mfalme, na kwamba wazungu wa karata huitwa kwa thamani yao. Alipoingia chuo kikuu kusomea Kiswahili ndipo alipotambua kwamba kopa ni *copas* ya Wareno, uru ni *ouros*, pau ni *paus*, shupaza ni *espadas*, na turufu yenyewe ni *trunfo*. Wareno walipokonywa Ngome ya Yesu mwaka 1698, lakini maneno yao ya karata yangali yanatamkwa barazani kila jioni.

Barazani pia ndipo alipojifunza kukonyeza. Wachezapo wanne, wawili wawili, kila mtu humpasha mwenzake habari kwa namna ajuayo. Baraza lao lilikuwa na ishara zake: kugusa kifua ni kopa, kukuna sikio ni pau, kukohoa mara moja ni kwamba ree ipo. Wapinzani nao walitega macho ili wazinase ishara hizo, na aliyenaswa alichekwa hadi kikombe cha mwisho cha kahawa. Hapana aliyeona ubaya wowote. Kukonyeza kulikuwa sehemu ya mchezo.

Jirani yake alikuwa mzee mstaafu wa Bandari ya Kilindini, mtu wa maneno machache na shati lililopigwa pasi. Kila Ijumaa jioni mzee huyo alikwenda kucheza briji katika klabu moja mjini. Mwaka 2018 mshirika wake wa miaka mingi alihamia Kanada kwa wanawe, na mzee akabaki bila wa kuketi naye. Briji haichezwi na mtu mmoja asiye na mwenzi; ni sawa na ngalawa yenye ubavu mmoja. Akamwita kijana.

"Mwanangu, karata unazijua. Mchezo huu nitakufundisha."

Kijana alikubali. Kwa majuma sita walikaa kibarazani pa mzee wakitawanya na kukusanya karata. Alifundishwa kwamba karata zote 52 hugawanywa, kisha hufuata mnada ambamo kila upande hutaja ni mizunguko mingapi utakayokula kati ya 13, na kwa turufu gani au bila turufu. Upande unaoshinda mnada umeweka ahadi. Mmoja wao huicheza ahadi hiyo, na mwenzake huzilaza karata zake mezani wazi, zionwe na wote. Wawili wa upande wa pili huwa walinzi: kazi yao ni kuivunja ahadi. Shida ya walinzi ni kwamba kila mmoja huona karata zake na zile zilizolazwa mezani, lakini haoni za mwenzake. Anayecheza ahadi anaijua mali yote ya upande wake. Walinzi wanajua nusu nusu, na hawana budi kuziunganisha nusu hizo bila kusema.

Hapo ndipo mzee alipomfundisha thamani ya karata itupwayo. Kanuni inamtaka mchezaji afuate aina iliyoongozwa ikiwa anayo. Iwapo hana, na hana turufu ya kukatia au hataki kukata, hutupa karata ya aina nyingine. Karata hiyo haiwezi kula mzunguko hata ingekuwa ree. Kwa anayeanza kucheza, hiyo ni takataka: mtu huiangalia ile ndogo kuliko zote akaiachilia. Mzee aliliona jambo hilo kwa namna tofauti kabisa.

"Karata hii haiwezi kula," alisema, "ndiyo maana inaweza kusema."

Akamweleza mapatano yaliyobuniwa na Mmarekani Hy Lavinthal wa Trenton, New Jersey, katika miaka ya 1930. Chini ya mapatano hayo, aina unayoitupa ni aina usiyoitaka. Toa aina hiyo, toa na ile inayochezwa wakati huo. Hubaki aina mbili. Ukitupa karata kubwa, unamwomba mwenzako acheze ile ya juu kati ya hizo mbili. Ukitupa ndogo, unamwomba ile ya chini. Katika briji shupaza ndiyo ya juu, hufuatwa na kopa, kisha uru, kisha pau. Uzuri wa mapatano haya ni kwamba huhitaji kupoteza unachokihitaji ili kusema kwamba unakihitaji. Mwenye kopa nzuri huzihifadhi kopa zake zote, na shupaza isiyo na kazi ndiyo humsemea.

Kijana aliyaelewa haya yote kibarazani. Kuelewa kibarazani, hata hivyo, si kuelewa mezani.

Ijumaa yao ya kwanza walikutana na mume na mke wa makamo, wachezaji waliokomaa. Katika mkono wa nne mama yule aliweka ahadi ya kula mizunguko 9 bila turufu. Mzee aliketi magharibi, kijana mashariki. Mzee alianza kwa shupaza, mama akala. Mumewe alikuwa amelaza karata zake, na kijana alipozitazama moyo ulimruka: upande wa kopa palikuwa na mzungu wa nne na karata moja ndogo tu. Yeye mwenyewe alishika ree ya kopa, mzungu wa pili, mzungu wa tatu na kumi. Mzee angepata nafasi ya kucheza kopa mara moja tu, mzungu wa nne yule angenaswa kama panya mtegoni, na kopa nne zingeliwa mfululizo. Pamoja na mzunguko wowote mmoja wa mzee, ingekuwa mitano, na ahadi ingevunjika.

Mama akaanza kucheza uru. Alikuwa nazo tano nzima. Kijana alifuata mara mbili, kisha uru zikamwishia. Sasa ilimpasa kutupa. Kopa hakuweza kutupa hata moja, kwani alizihitaji zote nne. Mkononi mwake palikuwa na shupaza saba, shupaza tano na shupaza mbili. Hiyo saba ilikuwa ndiyo neno lenyewe. Ilikuwa imekaa pale ikingoja kutamkwa. Lakini mtu aliyetaharuki hurudia lugha ya utotoni. Kijana alitupa shupaza mbili, kama ambavyo mtu yeyote asiyefikiri angetupa, na mkono wake wa kulia ukapanda taratibu ukagusa kifua.

Mizunguko miwili baadaye mama alicheza pau, na mzee akaula mzunguko huo kwa mzungu wa nne. Zamu ya kuongoza ikawa yake. Alizitazama karata zake kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akaweka mezani shupaza.

Mama akaila shupaza hiyo, akaila pau mbili zilizobaki, akatimiza mizunguko yake 9.

Kijana hakuweza kujizuia. "Mzee, hukuniona?"

"Nilikuona," mzee alijibu, akikusanya karata. "Ndiyo sababu sikucheza kopa."

Kimya kilichofuata kilikuwa kizito. Mama aliyekuwa akiandika alama aliinua macho. "Nasi tulikuona, mwalimu," alisema bila ukali. "Tulikuwa tukingoja kuona mzee atacheza nini."

Katika sentensi hiyo moja kijana alifahamu kwamba kwa dakika nzima jina la mzee lilikuwa limewekwa mezani pamoja na karata, na kwamba aliyeliweka ni yeye. Kama mzee angecheza kopa, ahadi ingevunjika, na heshima ya miaka mingi ingevunjika nayo. Wala isingalikuwa na maana kwamba pengine angeicheza kopa kwa akili yake mwenyewe, kwa kumwona mzungu wa nne yule aliyekaa na karata moja ndogo. Nani angemwamini?

Usiku ule hawakwenda nyumbani moja kwa moja. Walisimama kwa muuza kahawa, na mzee, pengine kwa kumhurumia mwenzake, akasema zaidi ya desturi yake. Kanuni ya 73 ya briji, alieleza, inaruhusu washirika kupashana habari kwa njia mbili tu: kwa wanachokitaja katika mnada na kwa karata wanazozicheza. Sauti, uso, mkono, haraka au ajizi ya kucheza, vyote hivyo si lugha ya meza. Naye aliyepokea habari kwa njia isiyoruhusiwa anatakiwa ajihadhari asifaidike nayo. Ikiwa ana njia mbili za busara mbele yake, na habari ile imemwelekeza kwenye moja, basi aiache.

"Karata yako haikusema kopa, mwanangu. Mkono wako ndio uliosema. Na mkono wako hauchezi."

"Lakini Mzee, si ni habari ileile? Ningetupa shupaza saba ungecheza kopa. Nimegusa kifua hukucheza. Tofauti iko wapi?"

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akarudi kwenye kazi aliyoifanya ujana wake wote. Alimkumbusha kijana bendera ya buluu yenye mraba mweupe katikati. Meli inapoipandisha bandarini, inatangaza kwamba iko tayari kung'oa nanga, na mabaharia wote warejee. Waingereza huiita *Blue Peter*. Mnamo miaka ya 1830, jijini London, wachezaji wa *whist*, mchezo uliozaa briji, walianza kumpa mwenzi ishara kwa kucheza karata kubwa isiyo ya lazima kisha ndogo, maana yake ikiwa ni kuomba turufu ichezwe. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wa ishara hiyo ni Lord Henry Bentinck. Wachezaji wakaipa jina la bendera ile.

"Bendera," alisema mzee, "haipandishwi kwa ajili ya mabaharia peke yao. Mchukuzi anaiona, karani anaiona, mwenye deni lake baharia naye anaiona. Ndivyo itupwavyo karata. Inamlenga mwenzako, lakini inaonwa na wote, na anayetaka kujua maana yake anauliza, nami ni lazima nimjibu kweli. Kifua chako kingeulizwa, ungejibu nini?"

Kijana hakuwa na jibu.

"Tena sikiliza. Ukitaka kumdanganya mpinzani kwa karata, mdanganye. Tupa kubwa pale palipostahili ndogo, ilimradi na mimi nidanganyike vilevile. Uongo mezani unaruhusiwa. Siri ya watu wawili ndiyo isiyoruhusiwa."

Maneno haya yalimkaa kijana akilini kwa siku nyingi. Kama mwanafunzi wa zamani wa isimu, alikumbuka kwamba Ferdinand de Saussure, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, aliufananisha mfumo wa lugha na mchezo wa sataranji. Alianza kushuku kwamba briji ingelifaa zaidi. Sataranji ina wapinzani wawili tu, na hapana anayejaribu kueleweka. Kwenye briji mtu hutamka ili aeleweke. Tena hakuna chochote katika shupaza saba kinachofanana na kopa, sawa na vile ambavyo hakuna chochote katika sauti za neno "mti" kinachofanana na shina na matawi. Uhusiano huo ni wa mapatano matupu. Siku washirika wakiamua kuyageuza mapatano yao, kama wafanyavyo wachezaji wengi ambao kwao karata ndogo ndiyo ya kukubali na kubwa ndiyo ya kukataa, basi maana nzima hugeuka bila karata hata moja kubadilika sura.

Aliikumbuka pia kanga. Mwanamke wa pwani huweza kumjibu jirani yake kwa maandishi ya kanga, akapita nayo mbele ya mtaa mzima. Ujumbe umelengwa kwa mmoja na unasomwa na wote. Hapo kanga na karata itupwayo ni ndugu. Lakini wanapoachana ni hapa: mvaaji wa kanga akiulizwa anaweza kusema kwamba amependa rangi tu. Fumbo lina mlango wa nyuma. Mlinzi wa briji hana mlango huo. Maana ya karata ya mwenzake, kadiri walivyopatana, ni mali ya meza nzima.

Kuna wakati ambapo mlango huo wa nyuma uliwagharimu watu majina yao. Mei 1965, mjini Buenos Aires, yalichezwa mashindano ya ubingwa wa dunia yaitwayo Bermuda Bowl. Terence Reese na Boris Schapiro wa Uingereza walikuwa miongoni mwa wachezaji mashuhuri kuliko wote wa zama zao. Vitabu vya Reese vilisomwa kila palipochezwa briji. Mchezaji wa Marekani, B. Jay Becker, aliona jambo katika namna wawili hao walivyozishika karata: idadi ya vidole vilivyojitokeza nyuma ya karata ilibadilika badilika. Waliochunguza walidai kwamba vidole hivyo vilihesabu kopa. Shirikisho la Dunia la Briji likawapata na hatia. Huko Uingereza uchunguzi ulioongozwa na mwanasheria Sir John Foster ulimalizika mwaka 1966, nao ukaamua kwamba hatia haikuthibitishwa bila shaka. Reese na Schapiro walikana. Reese alifariki mwaka 1996, Schapiro mwaka 2002, na hadi leo wapenzi wa mchezo huo wanabishana.

Kinachoshtua katika kisa hicho si hukumu, maana hukumu zilipingana. Kinachoshtua ni kwamba hata waliowatetea hawakuweza kuvifuta vile vidole. Shaka ikishaingia kati ya neno na msemaji, kila karata njema iliyowahi kuchezwa hurudiwa kutazamwa upya: je, ilikuwa akili au ilikuwa kidole? Mwaka 1975, mashindano hayo yalipochezwa kisiwani Bermuda, viliwekwa viambaza vya kuwatenganisha washirika ili wasionane nyuso. Mashindano yakiwa yanaendelea, wachezaji wawili wa Italia wakakemewa kwa mwenendo wa miguu yao chini ya meza, na ikabidi huko chini nako kuzibwe. Mbao zilizuia macho na miguu. Kile alichokifanya mzee wa Kilindini, alipoiweka shupaza mezani huku akijua fika kwamba kopa ingeshinda, hakuna ubao unaoweza kukifanya.

Kijana hakuacha kucheza, ingawa Ijumaa iliyofuata alikwenda kwa miguu mizito. Alianza kwa kuufundisha mkono wake wa kulia adabu: kila alipomaliza kucheza aliulaza juu ya paja. Kisha akajifunza kuchelewa kidogo kabla ya mzunguko wa kwanza, afikiri mapema atatupa nini, ili asije akasita wakati wa kutupa na kusita kwenyewe kukasema. Alijifunza pia kwamba si kila karata ina la kusema. Mlinzi anayepiga bendera kwa kila jambo humwambia anayecheza ahadi mambo mengi kuliko anavyomwambia mwenzake.

Juma la tano walikutana tena na mume na mke wale, na karata, kama zifanyavyo mara nyingine, zikajipanga karibu sawa na siku ile. Mama aliahidi tena mizunguko 9 bila turufu. Mumewe alilaza tena mzungu wa nne wa kopa akiwa na karata moja ndogo, na kijana alikuwa tena na ree ya kopa na wazungu wake. Uru zilipoanza kuchezwa na zake kumalizika, mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya paja. Alitupa shupaza tisa.

Mama aliitazama tisa ile. Badala ya kuendelea, alimgeukia mzee. "Samahani, Mzee. Karata hiyo ya mwenzio mmepatana iwe na maana gani?"

Mzee alijibu kwa sauti ileile ambayo angemtajia mtu saa. "Shupaza haitaki. Uru ndiyo inayochezwa. Zimebaki kopa na pau, na karata kubwa huomba ya juu. Anaomba kopa."

"Ahsante."

Mama akafikiri. Alikuwa amepungukiwa na mzungu wa pili wa pau, naye hakujua kama yuko magharibi au mashariki. Angeweza kumsaka upande wowote kati ya hizo mbili. Sasa alijua jambo moja muhimu: mzee asipewe kabisa nafasi ya kuongoza, kwani angecheza kopa na mzungu wa nne angenaswa. Kijana, hata akipata nafasi, hangeweza kumnasa mzungu huyo kutoka upande wake, kwa kuwa karata zilizolazwa zingecheza mwisho. Basi mama akaicheza pau kwa namna ambayo, ikiwa mzunguko utapotea, utapotea kwa kijana. Ukapotea kwa kijana. Aliketi na kopa zake nzuri mkononi, akijua kwamba kila atakayoianza ni zawadi. Akacheza shupaza. Mama akatimiza ahadi.

Kijana alijikuta anacheka, ingawa alikuwa ameshindwa. Bendera yake ilikuwa imeonwa na mchukuzi na karani kabla baharia hajapata hata ngazi ya kupandia.

"Leo umesema vizuri," mzee alimwambia walipokuwa wakitoka.

"Na tumeshindwa vilevile, Mzee."

"Siku ile tulishindwa na mkono wako. Leo tumeshindwa na akili yake. Hizo si hasara mbili zinazofanana."

Hapana shaka msomaji atauliza: je, baraza la Mji wa Kale basi lilikuwa shule ya udanganyifu? Kijana mwenyewe alijiuliza hivyo, na kwa majuma kadhaa hakwenda kucheza. Alipokwenda hatimaye alikaa kama gogo, mikono kwenye paja, hata mwenzake akalalamika mbele ya wote: "We mwalimu, umekuwa bubu? Huko kwenu klabuni wamekukata nini?" Baraza zima likaangua kicheko. Ndipo alipong'amua. Pale barazani wanne wote walijua kwamba kila upande unakonyeza, wote waliruhusiwa kukonyeza, na wote waliruhusiwa kunasa. Hapakuwa na siri ya wawili. Palikuwa na mapatano ya wanne. Kifua kile kile kilichokuwa aibu klabuni kilikuwa neno halali barazani, kwa sababu halali na haramu ya ishara haikai kwenye kiungo cha mwili wala kwenye kipande cha karatasi. Hukaa katika yale ambayo wote walioizunguka meza wameyakubali kabla karata hazijagawanywa.

Mzunguko uliofuata kijana alitazama kopa zake, akagusa kifua mchana kweupe. Mpinzani wa kulia akapiga kelele kwamba amemnasa. Na mwenzake, kwa furaha kubwa, akaweka kopa.